Asidi Inayoilinda Shaba: Kiswahili Kimesimama Wapi?

Mwanafunzi wa Kiswahili akiambiwa kwamba asidi inaweza kuilinda shaba dhidi ya asidi, aghalabu hutabasamu kwanza. Hudhani ametegewa kitendawili. Asidi, kwa jinsi anavyoijua, ni kitu cha kuunguza na kutoboa. Ni ile inayomwagwa katika betri za magari na ile inayotajwa magazetini panapotokea ukatili. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, naye yu tayari kuikubali kauli hiyo kama methali, si kama kemia. Hata hivyo, jambo lenyewe ni la kweli. Limechunguzwa katika maabara za nchi nyingi kwa muda mrefu, zikiwemo maabara za Afrika. Asidi amino ni vile viungo vidogo ambavyo mwili huviunganisha ili kujenga protini za nyama, maziwa, mayai, nywele na kucha. Baadhi yake, zikitiwa kwa kipimo kidogo katika asidi kali ambayo shaba imetumbukizwa ndani yake, hupunguza kasi ya shaba hiyo kuliwa.

Makala haya hayakusudii kuwafundisha wanakemia kazi yao. Yanadai jambo moja tu: kwamba habari hii ya shaba na asidi inafichua pengo ambalo wasomi wa Kiswahili wamelizoea mno hata hawalioni tena. Pengo hilo si la maneno ya kupambia hotuba za sikukuu. Ni pengo la majina mahsusi, na kama itakavyodhihirika hapa chini, kukosa jina mahsusi katika jambo hili kunaweza kumfanya mtu akachagua kiharibifu akidhani amechagua mlinzi. Mahali pa kulionea jambo hilo si mbali wala si geni. Ni Moiben.

Moiben, kaskazini-mashariki mwa mji wa Eldoret katika Kaunti ya Uasin Gishu, ni nchi ya ngano na mahindi. Nchi ya ngano ni nchi ya trekta na kombaini, na trekta, hasa zile kuukuu ambazo hazijabadilishwa sehemu zake, zimebeba shaba nyingi kuliko mtu anavyodhani: nyaya za umeme, vifungo vya mabomba, na rejeta iliyoungwa kwa lehemu. (Rejeta za magari mapya nyingi ni za alumini na plastiki, lakini trekta ya shambani haistaafu upesi.) Karibu na shaba hiyo ipo betri yenye asidi ya salfa. Mvuke wake unapopanda na kutua kwenye ncha za nyaya, ncha hizo huota uchafu wa rangi ya kijani na samawati, mfano wa ukungu juu ya mkate uliolala. Dereva humimina maji ya moto, husugua, kisha hupaka grisi. Akiulizwa kilichotokea, husema betri imefanya kutu, au waya umeliwa, au ncha zimelika. Vitenzi vitatu kwa tukio moja, na kila kimoja kina ukweli wake. Darasani tukio hilo halina hata kimoja, kwa sababu darasani linasomwa kwa Kiingereza.

Rejeta nayo ina maradhi yake. Maji yanayozunguka ndani yake huacha ukoko wa chumvi na uchafu, njia huziba, injini huchemka. Wapo mafundi wanaoingiza asidi ndani ya rejeta ili iyeyushe ukoko huo. Asidi huuyeyusha kweli, ila haibagui. Ukoko ukiisha, asidi huendelea na shaba na lehemu, na rejeta iliyopelekwa kwa fundi kwa kuziba hurudi shambani ikivuja. Viwandani, ambako mabomba na vyombo vya kupozea husafishwa kwa njia iyo hiyo, tatizo hili lilipata jibu zamani: katika asidi hutiwa kitu kinachoiachia ile ukoko na kuizuia ile metali. Kitu hicho, kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, ni kizuizi.

Kizuizi mashuhuri zaidi cha shaba ni benzotriazoli, kemikali ambayo imetumika kwa miongo mingi na inayofanya kazi yake vizuri. Kasoro yake ni kwamba haiozi kwa urahisi ikifika majini, na ina madhara kwa viumbe wa majini. Hapa ndipo asidi amino zilipoanza kuwavutia watafiti. Ni vitu ambavyo mwili wenyewe huvitumia, vinayeyuka katika maji, vinaoza, na baadhi havina bei kubwa. Kwa mkazi wa Uasin Gishu jambo hili si la mbali. Mto Moiben huanzia katika Milima ya Cherangani, hutiwa katika bwawa la Chebara ambalo maji yake hunywewa mjini Eldoret, na mkondo wake huendelea kuelekea Nzoia na hatimaye Ziwa Viktoria. Kinachomwagwa katika mtaro wa gereji yoyote ya upande huu kina safari ndefu mbele yake.

Sasa basi, asidi amino huilindaje shaba? Shaba si metali ya kuonewa ovyo. Katika asidi ya haidrokloriki isiyo na hewa, shaba huweza kukaa kwa muda bila kuguswa sana. Ni oksijeni ya hewani inayofungua mlango. Asidi ya nitriki haihitaji msaidizi. Yenyewe huivamia shaba, mmumunyo hugeuka rangi, na moshi wa hudhurungi wenye sumu hupanda. Katika hali zote mbili kinachotukia ni kimoja: atomi ya shaba hunyang'anywa elektroni, hugeuka kuwa ioni, huiacha metali na kuingia katika mmumunyo. Atomi moja baada ya nyingine, waya hukonda.

Molekuli ya asidi amino ina ncha mbili. Ncha moja ina naitrojeni, na hiyo ndiyo inayoitwa amino. Ncha ya pili ina oksijeni, na hiyo ndiyo inayoipa jina la asidi. Kati yake hupachikwa kitu mfano wa mkia, na mkia huo ndio unaoitofautisha asidi amino moja na nyingine. Zinazotumika kujenga protini ni takriban ishirini. Naitrojeni, oksijeni na salfa zina elektroni za akiba ambazo zinaweza kuikopesha shaba, na mkopo huo ndio gundi: molekuli hufika usoni mwa metali, hushika, nyingine hufuata, hadi utando mwembamba usioonekana kwa jicho ukatandazwa. Asidi hukuta nafasi zimekwisha kukaliwa.

Kati ya hizo ishirini, moja imetajwa sana katika tafiti za shaba, nayo ni sisteini, kwa kuwa mkia wake una salfa, na salfa na shaba hupendana mno. Yeyote aliyewahi kubabua kuku aliyechinjwa juu ya moto ili kuondoa vinyoya vilivyosalia anaijua harufu ya salfa hiyo. Manyoya, nywele na kwato zina sisteini tele. Kwa miaka mingi viwanda vimeipata kwa kuchemsha nywele na manyoya ndani ya asidi, na mojawapo ya matumizi yake ni kulainisha kinyunga cha mkate. Taka inayofagiliwa kwa kinyozi, kwa hiyo, ina ndani yake kitu kinachoweza kushika uso wa shaba. (Kinyozi asije akaanza kutia nywele katika rejeta za watu, kati ya nywele na sisteini safi kuna kazi kubwa ya maabara.)

Mwaka 2007 zilichapishwa tafiti za Chuo Kikuu cha Cairo, Misri, kuhusu sisteini na shaba katika mimumunyo ya kloridi, ikiwemo asidi ya haidrokloriki. Ufanisi wa kizuizi hicho ulifikia karibu asilimia 84, na ioni za shaba zilipoongezwa katika mmumunyo ulipanda hadi asilimia 90. Mwaka uliofuata, 2008, watafiti wa Moroko walitoa matokeo yao kuhusu shaba katika asidi ya nitriki, na matokeo hayo ndiyo kiini cha hoja ya makala haya. Walijaribu asidi amino tano. Arjinini, lisini na sisteini zilizuia shaba kuliwa, sisteini ikiongoza kwa asilimia 61. Valini na glisini zilifanya kinyume: ziliharakisha.

Msomaji na asimame hapo kidogo. Zote tano ni asidi amino. Zote zimo katika chakula cha kila siku. Tatu zililinda, mbili ziliangamiza. Si ajabu ukifikiri: kiungo kinachoweza kuishika shaba ikiwa ndani ya metali kinaweza pia kuishika ioni ya shaba na kuondoka nayo, na kwa kweli glisini leo inafanyiwa majaribio na kutumiwa kama njia ya kutolea shaba kutoka katika mawe ya madini. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwandishi wa Kiswahili atakayeandika kwamba "asidi amino huzuia shaba isiliwe" atakuwa ameandika sentensi fasaha, yenye upatanisho sahihi wa kisarufi, na ya uwongo. Uwongo huo hautokani na nia mbaya. Unatokana na kuridhika na jina la ukoo pale ambapo kazi ilihitaji jina la mtu.

Ni dhahiri, kwa hivyo, kwamba mjadala wa istilahi hauwezi kuishia katika swali lile la zamani la kama Kiswahili "kinaweza" sayansi. Swali hilo limejibiwa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990, na wanafunzi wa shule za msingi Tanzania wamesoma sayansi kwa Kiswahili kwa vizazi. Lililobaki ni gumu zaidi na halina sherehe: kuchagua neno lipi, kwa sababu gani, na kulitumia hadi likazoeleka.

Lichukuliwe neno kutu. Kwa mwanakemia, kutu ni zao la chuma kikikutana na maji na oksijeni. Shaba, kwa maana hiyo finyu, haifanyi kutu. Lakini watumiaji wa lugha hawakungoja idhini ya mwanakemia. Kwao kutu ni uchafu wowote unaoota juu ya metali, na kuwakataza ni kupoteza wakati. Kinachohitajika ni jina la kitendo, tofauti na jina la uchafu. Wapo wanaoona kwamba kubabua kungefaa, lakini kitenzi hicho kina haraka na ukali. Maji ya moto hubabua ngozi, na moto hubabua kuku. Kinafaa sana kwa asidi inayomwagikia mkono wa fundi. Kwa waya unaokonda mwaka mzima, dereva wa Moiben alishatoa neno bora: kulika. Kisu hulika kwa kunolewa, jiwe la kusagia hulika, meno hulika. Nomino yake, ulikaji, inabeba upole na ukaidi wa jambo lenyewe. Wanajiografia walijipatia mmomonyoko wa udongo nao ukakaa, kwa sababu ulifundishwa na kuimbwa katika shule zote. Ulikaji wa metali haujapata bahati hiyo.

Gumu zaidi ni lile tendo la molekuli kushika uso wa shaba. Kuna mazoea ya kutumia kufyonza kila mahali ambapo kitu kimoja kinachukua kingine. Sifongo hufyonza maji, mzizi hufyonza chumvi za udongo. Kinachofyonzwa huingia ndani. Sisteini haiingii ndani ya shaba. Ikiingia, hakuna utando, na bila utando hakuna ulinzi. Kosa la neno hapa ni kosa la sayansi, kwani mwanafunzi aliyeambiwa kwamba shaba "imefyonza" kizuizi atakuwa na picha isiyo sahihi kichwani na mtihani wake utamwonyesha. Kiswahili kina nata, ganda, gandama na ambata. Kunata kunadokeza utomvu na uchafu. Kuganda kunampeleka msomaji kwenye barafu na damu. Kugandama kunakaribia, ila kuna uzito na unene ambao utando wa molekuli hauna. Kuambata ndiko hasa: kitu kushikamana na uso wa kingine bila kuwa kitu kimoja nacho. Tena uambataji tayari una jamaa katika sarufi, ambako wanaisimu huzungumzia viambishi vinavyoambatanishwa na mzizi pasi na kuumeza. Mwanafunzi wa mofolojia angeielewa kemia hii kwa dakika chache.

Utando wenyewe haukuhitaji kutafutwa. Ni ule unaotanda juu ya uji na maziwa yaliyopoa, ule wa buibui, ule wa jicho linalopofuka. Katika nyumba za Wakalenjin wa Moiben, kibuyu cha mursik hupakwa ndani mkaa wa mti unaoitwa senetwet, nao hupakwa kuta zote za ndani kabla maziwa hayajatiwa yakachacha humo. Mama anayefanya kazi hiyo anajua, bila kusomea, kwamba mpako wenye mapengo si mpako. Wanakemia wanaopima asilimia 61 na asilimia 84 wanapima mapengo: ni sehemu gani ya uso iliyofunikwa na ipi iliyoachwa wazi kwa asidi. Mkaa wa kibuyu una kazi yake tofauti na ya sisteini, ladha na harufu zikiwemo, na mfano huu usivutwe kupita hapo. Lakini mwalimu anayetaka kuanzia mahali hana haja ya kuanzia mbali.

Kuhusu asidi na tindikali, magazeti ya Tanzania huelekea kwenye tindikali na ya Kenya kwenye asidi, na vijana wa vyama vya Kiswahili hupenda kuuliza ni lipi "sanifu". Pengine ni bora yote mawili yaachwe yaishi na yagawane kazi. Tindikali imekwisha kubeba hofu ya kitu kinachounguza. Isalie hapo, kwenye chupa ya fundi na lebo ya hatari. Asidi iwe jina la jamii nzima ya kikemia, ambamo zimo asidi kali na asidi pole, pamoja na ile ya maziwa yaliyochacha, ya ndimu, na asidi amino. Hivyo kile kitendawili cha mwanzo kingejifumbua chenyewe: asidi amino huilinda shaba dhidi ya tindikali. Na iwe asidi amino, kwa mpangilio wa Kiswahili, nomino kwanza na kivumishi nyuma yake. Amino asidi ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ya kigeni, kwamba shaba na asidi hazikuwahi kuwa mambo ya Waswahili. Historia inawasuta. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba karne nyingi zilizopita, na baadhi ya sarafu hizo ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ila ya Lamu ni ya shaba. Neno sufuria, ambalo leo linaitwa alumini iliyopondwa na kupigwa pasi kiwandani, lina asili ya Kiarabu katika jina la shaba, kwa sababu sufuria za kale zilikuwa za shaba. Sufuria hizo zilitiwa bati ndani. Kwa nini? Kwa sababu ndimu, siki na ukwaju vikipikwa katika shaba tupu huila na kuitia katika mchuzi. Bati lilikuwa kizuizi. Wapishi wa pwani na mafundi waliowatilia bati walikuwa wakiilinda shaba dhidi ya asidi, wakiwa na majina ya kila kitu walichokishika, zamani kabla neno maabara halijaingia katika kamusi.

Upande wa bara mambo ni mazito zaidi. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ililibadilisha jina jimbo la Katanga na kuliita Shaba, na jina hilo la Kiswahili likakaa kwenye ramani za dunia hadi 1997. Wafanyakazi wa migodi na viwanda vya Lubumbashi na Likasi walizungumza Kiswahili, kwa lahaja yao, kazini na nyumbani. Sehemu kubwa ya shaba ya huko hupatikana kwa kulowekwa mawe katika asidi ya salfa hadi shaba iyeyuke, kisha kuvutwa tena kwa umeme. Kwa miongo mingi, basi, watu waliokuwa na asidi na shaba mikononi kila siku waliongea Kiswahili. Waliitaje mimumunyo ile? Waliitaje ukungu wa kijani kwenye mabomba? Istilahi hizo zilikuwepo midomoni, na tasnifu za Kiswahili za vyuo vya Kenya zimeshughulika zaidi na riwaya za watu wachache wale wale.

Hoja ya pili ya wapinzani ina nguvu zaidi na haifai kudharauliwa. Mwanakemia huandika ili asomwe na wanakemia wa dunia, na hao husoma Kiingereza. Tafiti za Cairo na Moroko zilizotajwa hapo juu ziliandikwa kwa Kiingereza na watu ambao lugha yao ya nyumbani si Kiingereza. Mwanafunzi wa sekondari wa Kenya hutahiniwa kemia kwa Kiingereza, na Katiba ya 2010 iliyokifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza haikubadilisha karatasi ya mtihani. Hayo ni kweli, na hakuna anayedai kwamba jarida la kemia la kimataifa litolewe kwa Kiswahili. Lakini hoja hii humsahau mtu mmoja: yule anayeishika asidi. Chupa yake ina maandishi ya Kiingereza, mara nyingine ya Kichina. Hakutahiniwa kemia, au alitahiniwa akaanguka. Anajua kwamba asidi hula. Hajui kwamba kumimina maji juu ya asidi kali ni hatari kuliko kumimina asidi polepole ndani ya maji, wala kwamba ule moshi wa hudhurungi unaotoka shaba ikikutana na asidi ya nitriki huharibu mapafu na madhara yake huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye. Mtu huyu akielezwa kwa Kiswahili ataelewa. Yule wa kumweleza, hata hivyo, alisoma mambo hayo kwa Kiingereza na hakufundishwa kuyasema kwa lugha nyingine yoyote. Wezi wa transfoma wanaijua bei ya shaba barabara, kiasi cha serikali ya Kenya kusimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu mwezi Januari 2022. Fundi mwaminifu anayeitengeneza shaba hiyo hajatafutiwa hata kijitabu.

Hapo lawama inarudi kwa wasomi wa Kiswahili kuliko kwa wanakemia. UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mnamo Novemba 2021, furaha ilikuwa kubwa na ya haki. Tangu hapo makongamano yameongezeka, fulana zimechapishwa, na mada ya "Kiswahili na sayansi" haikosi katika ratiba. Mara nyingi mada hiyo huwasilishwa na mwanaisimu kwa wanaisimu, bila mwanakemia hata mmoja ukumbini. Istilahi huundwa mezani, hupigiwa makofi, huchapishwa katika orodha, na hakuna fundi wala mwalimu wa kemia anayezisikia. Istilahi isiyotumiwa hulika kama waya usiopakwa grisi.

Eldoret ina bahati ambayo miji mingi haina. Upande mmoja, Chepkoilel, kwenye barabara ya kwenda Ziwa na pembezoni mwa Moiben, kipo Chuo Kikuu cha Eldoret chenye maabara za kemia. Upande wa pili, Kesses, kipo Chuo Kikuu cha Moi chenye Idara ya Kiswahili na Lugha Nyingine za Kiafrika. Hadi Chepkoilel ilipopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, zilikuwa nyumba za chuo kimoja. Tangu 1990 Chepkoilel ilikuwa kampasi ya Moi. Mwanafunzi wa kemia na mwanafunzi wa Kiswahili walivaa joho la rangi moja siku ya mahafali. Hawakuwahi kulazimishwa kuzungumza, na sasa hata kisingizio cha chuo kimoja hakipo.

Kinachoweza kufanywa hakihitaji bajeti ya wizara. Mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili anayetafuta mada anaweza kukaa miezi mitatu katika gereji za barabara ya Moiben akiandika kila kitenzi kinachotumiwa kwa metali, asidi, ukoko, lehemu na moshi, kisha akapeleka daftari hilo kwa mwanakemia wa Chepkoilel na kumwuliza, neno kwa neno, lipi linasema kweli na lipi linapotosha. Kulika litapita. Kufyonza litaanguka. Mengine yatazua ubishi, na ubishi huo ndio unaostahili kurasa za jarida la chama cha wanafunzi kuliko sifa za lugha zilizorudiwa. Matokeo ya kwanza yanaweza kuwa karatasi moja ya kubandikwa ukutani juu ya chombo cha asidi, kwa herufi kubwa, ikieleza kipi kitangulie kati ya maji na tindikali, kipi kisivutwe puani, na kwa nini shaba haipaswi kuachwa humo usiku kucha. Majina ya zile asidi amino tano yanaweza kusubiri karatasi ya pili, tatu kati yake zikiandikwa upande mmoja na mbili upande mwingine.